Kupiga picha treni za mvuke: kichwa kinatoka doa jeusi na kwenye mwendo kinaonekana kama kimepaki, mnafanyaje?

mpenzi_wa_mvuke:

Wakuu salaam. Mimi ni mpenzi wa treni za zamani hasa hizi za mvuke, nikisikia kuna kichwa kimefufuliwa kinatembea tena kwenye reli za urithi, yaani njia za zamani zilizohifadhiwa, lazima nikifuate na kamera. Kamera yangu ni ya kawaida ya kubadilisha lenzi, nina lenzi za milimita 18-55 na 70-300, tripodi ninayo, flashi sina.

Kinachonisumbua ni hiki. Kichwa cha mvuke ni cheusi tii, nikipiga kinatoka doa, huoni magurudumu, huoni zile fimbo za chuma, huoni hata ribiti za kwenye tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma ya kichwa. Nikiongeza mwanga ili vionekane, mbingu inaungua inakuwa nyeupe pee na ule mvuke mzuri unapotelea humo humo. La pili, treni ikiwa kwenye mwendo nikitumia shata ya haraka (pazia la kamera likifunguka kwa muda mfupi sana) picha inatoka safi lakini treni kama imepaki, haina uhai, yaani mtu akiiangalia hawezi kujua kwamba pale niliposimama ardhi ilikuwa inatetemeka. Nikishusha shata naambulia ukungu.

Kwa wenye uzoefu naombeni msaada, mnasimama wapi, mnasetije, na mnabonyeza wakati gani? Sitaki picha ya kuonyesha tu kwamba nilikuwepo, nataka mtu aone mashine inavyofanya kazi. Natanguliza shukrani.

---

jua_la_jioni:

Karibu sana mkuu, swali zuri. Mi nitaongelea huo weusi, wengine watakuja na mwendo.

Kabla hujagusa kamera jiulize jua liko wapi. Saa sita mchana jua likiwa utosini mwanga unalipiga boila juu tu, halafu ule ubao wa kutembelea pembeni mwa boila unatupa kivuli chini yake, na chini yake ndo kuna magurudumu, fimbo, silinda, yaani kila kitu kinachoifanya treni ya mvuke iwe treni ya mvuke. Hapo hata uwe na kamera ya bei mbaya huwezi kupata kitu. Nenda asubuhi mapema au jioni jua likiwa limeinama, mwanga unaingia chini ya ubao na fimbo zinang'aa zenyewe maana ni chuma kitupu kilichopakwa mafuta. Simama upande wa jua, jua liwe nyuma ya bega lako na sio nyuma yako moja kwa moja, ili pua na ubavu vyote vipate mwanga lakini ubavu upate zaidi. Kwa reli inayokwenda mashariki magharibi, ukiwa mbali kaskazini mwa ikweta upande wa kusini ndo wenye jua, ukiwa mbali kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Kuna programu za simu zinakuonyesha jua litakuwa wapi saa fulani, chukua ratiba ya treni, chukua ramani, panga siku kabla.

Sasa mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake. Mita inadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani, kwa hiyo kichwa cheusi kikijaa kwenye fremu inaongeza mwanga ili weusi uwe kijivu, mbingu inaungua. Mvuke mweupe ukijaa inapunguza mwanga, kichwa kinarudi kuwa doa. Na treni inapokuja inabadilisha hivi vyote ndani ya sekunde chache, ndo maana picha moja inatoka nyeupe inayofuata nyeusi wakati hujagusa kitu. Weka manyuo, yaani wewe ndo uchague mwanga na sio kamera, pima kwenye majani au kokoto za reli zilizo kwenye jua lile lile kabla treni haijafika, funga hapo hapo na usibadilishe tena. Angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera, ile sehemu ya mvuke isigonge ukuta wa kulia. Piga RAW, faili ghafi la kamera, maana giza la kwenye magurudumu unaweza kulivuta baadae kwenye kompyuta ila mvuke ukishaungua umeungua, haurudi.

Wengine watakwambia ufunge filta ya polaraiza kupunguza mng'ao, mi siifungi kwenye treni za mvuke, ule mng'ao kwenye boila ndo unaoonyesha kwamba ni mviringo, ukiuondoa unabaki na ubapa mweusi. Siku ya mawingu mepesi usikae nyumbani, mwanga laini unaingia kila mahali hadi chini ya ubao, wewe punguza tu mbingu kwenye fremu, tafuta miti au mlima uwe nyuma.

---

shata_thelathini:

Nakuja na mwendo.

Piga hesabu kidogo itakusaidia. Treni inayokwenda kilomita 72 kwa saa inakata mita 20 kila sekunde. Kwa shata ya 1/500 ya sekunde inasogea sentimita 4 wakati shata iko wazi, kwa 1/1000 ni sentimita 2, kwa 1/30 ni karibu sentimita 67. Ikiwa inakujia kwa mshazari, unaona pua na ubavu, mwendo wake kwenye fremu ni mdogo kwa hiyo 1/500 inatosha. Ikikupita ubavu mtupu 1/500 inaweza isitoshe, hasa ukiwa karibu.

Ila wewe hutaki kuigandisha, unataka uhai. Hapo inabidi ufuatishe kamera. Simama mbali kidogo na hiyo 70-300 yako, elekeza miguu pale unapotaka kubonyeza, sio pale treni inapotokea, halafu zungusha kiuno uikute treni ikiwa mbali, ifuate taratibu ikiwa sehemu ile ile ya fremu, ikifika mbele yako bonyeza bila kusimamisha mkono, na uendelee kuifuata hata baada ya kubonyeza. Watu wengi wanasimama pale wanapobonyeza na ndo hapo ukungu unapoingia. Anza na 1/60, ukizoea shuka 1/30, na kama treni inatambaa kilomita 30 kwa saa unaweza kwenda hata 1/15. Majani yanakuwa mistari, kichwa kinabaki kimetulia, na magurudumu yanazunguka kwenye picha, hiyo ndo unayoitafuta.

Usitegemee treni nzima iwe kali kuanzia pua mpaka behewa la mwisho, haiwezekani, kila sehemu iko kwenye pembe yake kwa hiyo inasogea tofauti kwenye fremu. Chagua sehemu moja, mi huwa nachagua namba ya kichwa pembeni mwa kabini au dirisha la dereva, jicho la mtazamaji linaenda hapo. Kama lenzi yako ina kitulizo cha mtikisiko angalia kama ina hali ya kufuatisha, kama haina kizime.

Kitu kingine ambacho nakipenda sana kukiangalia, ukiacha kamera imetulia kwenye tripodi na treni ikapita kwa shata ya polepole, gurudumu halipotei sawasawa. Pale linapogusa reli chuma kimesimama kwa nukta ile, na juu kabisa kinakwenda mara mbili ya mwendo wa treni. Kwa hiyo spoku za chini zinaonekana na za juu zinayeyuka. Hiyo ni njia nyingine ya kuonyesha mwendo bila kufuatisha chochote.

Halafu fimbo. Wapenzi wengi tunataka ile fimbo inayounganisha magurudumu iwe chini kabisa, magurudumu yanaonekana wazi na kichwa kinakaa vizuri kwa macho. Flying Scotsman kwa mfano, kile kichwa cha Uingereza cha mwaka 1923, magurudumu yake makubwa yana kipenyo cha mita 2 na kidogo, kwa mita 20 kwa sekunde yanazunguka kama mara 3 kila sekunde. Kamera inayopiga fremu 8 au 10 kwa sekunde inakupa kama fremu 3 kila mzunguko, kwa hiyo piga mfululizo mfupi, mojawapo itakuwa karibu na fimbo chini.

---

mchochea_makaa:

Mimi najitolea kwenye reli ya urithi, nachochea moto, kwa hiyo nawaona wapiga picha nikiwa upande wa pili. Mengi yaliyosemwa hapo juu ni kweli ila mnasahau kwamba treni ya mvuke sio muda wote inafanya kazi. Ikishuka mteremko dereva amefunga mvuke, inajiendea yenyewe, bombani hakuna kitu. Watu wanasimama sehemu nzuri yenye daraja na maua halafu wanashangaa kichwa kimepita kimya kama kimezimwa. Tafuta mlima. Tafuta sehemu inayotoka stesheni kwenda juu, kichwa kinavuta kwa nguvu zote, unasikia kila pigo la bomba, na moshi unasimama. Njia kama ile ya Cumbres huko Marekani, reli nyembamba inayopanda mpaka zaidi ya mita 3,000, inapendwa na wapiga picha kwa sababu hiyo hiyo, mlima unailazimisha mashine ifanye kazi.

Mvuke wenyewe hauonekani, mnachokiona cheupe ni matone ya maji baada ya mvuke kupoa. Ndo maana siku ya joto kichwa kinavuta kwa nguvu na juu huoni kitu cha maana, na asubuhi ya baridi kichwa hicho hicho kinatoa wingu kubwa linalobaki nyuma mpaka behewa la mwisho. Ukipata asubuhi ya baridi yenye jua, acha kazi nyingine zote uende. Angalia na upepo, ukivuma kuja upande wako wingu litashuka lifunike treni nzima, hamia upande wa pili kama kuna njia halali ya kuvuka.

Kichwa kikianza kuondoka stesheni tunafungua valvu za chini ya silinda kutoa maji yaliyotokana na mvuke kupoa humo, mvuke unatoka pembeni kwa nguvu unafunika magurudumu. Ni picha nzuri sana ukiwa mbele, ukiwa ubavuni utaona pazia jeupe tu. Zikishafungwa, ndo upige ubavu.

Na moshi mweusi tafadhali. Najua wengi mnaupenda, kwenye zile safari maalumu za wapiga picha ambapo treni inarudi nyuma na kupita tena mnaomba tutoe moshi mweusi. Moshi mweusi ni makaa ambayo hayakuungua vizuri, ni moto mbaya, ni pesa inayopaa. Mchocheaji mzuri anajivunia moshi mwepesi wa kijivu. Mi ningependa picha zionyeshe kazi nzuri.

---

jua_la_jioni:

@mchochea_makaa hapo kwenye moshi naheshimu kazi yenu ila nina mtazamo tofauti. Moshi mzito kidogo ukiwa na jua la pembeni unatoa umbo, unatoa kivuli, picha inapata uzito. Na zamani treni zilikuwa zinatoa moshi mweusi kila siku, ndo ukweli wa enzi zile, kwa nini tuufiche.

---

mchochea_makaa:

Zilitoa pale ambapo mchocheaji ametoka kutupa makaa mapya, dakika moja moshi unakuwa mwepesi. Sikatai upige ukitokea wenyewe. Ninachokataa ni kuuomba.

Ila kuna jambo kubwa kuliko moshi. Msikanyage reli. Mwezi Februari 2016 Flying Scotsman ilipofanya safari yake ya kurudi kazini, kutoka London kwenda York, ilibidi isimamishwe kwa sababu watu walikuwa wameingia kwenye njia kupiga picha. Kichwa na mabehewa vinatokeza nje ya reli kuliko unavyodhani, na ukiwa unaangalia ndani ya kamera unapoteza kabisa hisia ya umbali, treni inaonekana ndogo na iko mbali mpaka iko juu yako. Pia njia ya pili inaweza kuwa na treni ya kisasa ambayo haina kelele. Simama nje ya uzio, panaporuhusiwa, hiyo 70-300 imetengenezwa kwa ajili hiyo.

---

mpenzi_wa_mvuke:

Wakuu asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Hili la mlima na hili la kupima kwenye kokoto sikuwahi kulisikia popote. Niongeze maswali mawili. Usiku inawezekana bila flashi? Na makumbusho, kule ndani vichwa vimebanana, taa za ajabu ajabu, hakuna mvuke wala mwendo, huwa mnapiga nini?

---

taa_ya_karakana:

Usiku ndo nyumbani kwangu, ngoja nijibu.

Anayetajwa kila mara hapa ni O. Winston Link, Mmarekani, alipiga treni za Norfolk and Western kuanzia 1955 mpaka 1960, kampuni kubwa ya mwisho Marekani kubaki na mvuke mtupu. Alichagua usiku kwa sababu jua huwezi kulihamisha na reli huwezi kuihamisha, ila taa unaziweka unapotaka. Alipanga balbu za flashi kwa waya ndefu, anapiga treni inayotembea, mvuke unatoka mweupe kabisa kwenye giza na kila takataka ya nyuma inapotea. Ile picha yake maarufu ya 1956 kule Iaeger, West Virginia, watu wamekaa kwenye magari wanaangalia sinema ya nje huku treni inapita, ndege iliyoko kwenye skrini aliiweka baadae, maana flashi ilikuwa imeifuta skrini. Ukiwa Roanoke, Virginia kuna makumbusho ya kazi zake kwenye stesheni ya zamani, picha zile kwenye karatasi kubwa ni kitu kingine kabisa.

Wewe bila flashi piga kichwa kilichosimama. Subiri dakika 20 au 30 baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado bluu nzito, sio giza totoro, maana kichwa cheusi kwenye giza totoro kingo zake zinapotea. Tripodi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 au 200, tundu la lenzi f/8, shata sekunde 15 mpaka 30, chukua tochi ya mwanga wa njano utembee pembeni ukimulika magurudumu na fimbo taratibu, mkono usitulie sehemu moja, na mwili wako usikae kati ya tochi na kamera. Mvuke kwa sekunde 30 unakuwa pamba laini isiyo na umbo, ukitaka uonyeshe umbo lake shusha mpaka sekunde 2 au 4 na upandishe ISO. Mlango wa tanuri ukifunguliwa kabini inajaa mwanga mwekundu, omba wafungue kwa nukta mbili tu kama wana nafasi.

Na kamwe usimpige dereva flashi treni ikiwa inatembea usiku. Macho yake yamezoea giza na anatafuta ishara. Link alipiga kwa makubaliano na kampuni yenyewe.

---

ribiti_na_namba:

Makumbusho niachieni mimi, nadhani ndo sehemu inayodharauliwa zaidi na haistahili.

Acha kutaka kichwa kizima kwenye fremu. Ukisimama karibu ukitumia 18 yako pua inakuwa kubwa kama nyumba na tenda inakuwa kisanduku cha kiberiti, umbo lenyewe linaharibika. Big Boy namba 4014, kile kichwa kikubwa cha Marekani, na tenda yake ni karibu mita 40. Garratt za daraja la 59 za East African Railways, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zina zaidi ya mita 30, boila liko katikati na kila upande kuna seti yake ya magurudumu, ukitaka kuipata yote kama ile 5918 Mount Gelai iliyoko makumbusho ya reli Nairobi inabidi urudi nyuma sana, usimame mshazari, na utumie milimita 50 kwenda juu. Ikiwa hakuna nafasi ya kurudi nyuma, usilazimishe.

Piga vipande. Bamba la shaba lenye jina la kiwanda na mwaka. Namba. Mkono wa kufungulia mvuke uliolika na mikono ya madereva wa miaka mingi. Rangi iliyopasuka ukaona rangi tatu za chini yake. Kwa taa za ndani zilizochanganyika rekebisha kipimo cha rangi nyeupe cha kamera wewe mwenyewe kwa kupiga karatasi nyeupe kwanza, tripodi kama wanaruhusu, na uvute shata hata sekunde moja, kitu hakitembei.

Na hivi vipande vina kazi. Tarehe 10 Mei 1869 pale Promontory, Utah, Andrew Russell alipiga ile picha ya vichwa viwili pua kwa pua, Jupiter na namba 119, reli ya mashariki na ya magharibi zimekutana. Vichwa vyote viwili vilikuja kukatwa vyuma chakavu mwanzoni mwa karne ya 20. Vile vinavyotembea pale leo ni nakala za mwaka 1979, na walipovichora walitegemea picha za zamani walizokuza kubwa wakapima humo humo, michoro ya kiwanda haikuwepo. Kwa hiyo ukimaliza picha zako za kupendeza, piga na za ubavu mtupu, nyoofu, mwanga sawa, kila upande, na mkiweza weka kitu cha kipimo kinachojulikana. Andika namba ya kichwa, tarehe, mahali, kwenye faili lenyewe sio kichwani. Najua haina raha kama moshi na jua la jioni ila mi naona tunaopenda hizi mashine tunadaiwa hilo.

---

shata_thelathini:

@ribiti_na_namba umenigusa hapo, kuanzia sasa naongeza fremu moja ya ubavu kila ninapotoka. Swali dogo kwako na kwa wengine, nguzo za umeme, vibao vya kisasa na magari yaliyopaki nyuma mnavifuta kwenye kompyuta?

---

ribiti_na_namba:

Sifuti. Nahama hatua mbili, napiga magoti, nasubiri kichwa chenyewe kikizibe. Mtu akifuta kwa ajili ya ukutani kwake sina tatizo, ila aandike kwamba amefuta, maana baada ya miaka 50 mtu ataitazama atadhani pale hapakuwa na nguzo.

---

mpenzi_wa_mvuke:

Nimewaelewa wote. La mwisho kwa @mchochea_makaa, ukiniambia nije saa moja tu kati ya siku nzima ya treni, nije saa ngapi?

---

mchochea_makaa:

Njoo alfajiri kabla hakijatoka bandani. Kichwa kilichopoa kinachukua masaa mengi kupata mvuke, boila halipendi kupashwa kwa pupa, kwa hiyo kuna watu wako pale tangu usiku. Utakuta mmoja ana kopo la mafuta anapita kila kiungo, mwingine anatoa majivu, taa ya njano ndani na bluu ya asubuhi mlangoni, na kwa kuwa ni baridi kila tundu linalovuja linaonekana. Kwenye mlima utapata mashine, bandani utapata mashine na watu wake. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, useme unataka nini na utakaa muda gani, ukifika jitambulishe kwa msimamizi, vaa viatu vigumu na nguo ambayo huionei huruma, na usiegemee wala kushika bomba lolote, chuma cha moto hakionyeshi kwa macho. Ukishapiga watumie waliomo kwenye picha nakala zao, mwaka unaofuata watakuita wenyewe.